Hesabu kwa Sauti

Siku sita nakata risiti soko la Luanda,
hamsini kwa meza, ishirini kwa gunia la chini.
Siku ya saba nakaa benchi la tatu kanisani,
na mfuko wa ushuru nimeuacha kabatini
kama shemeji mlevi asiyealikwa harusini.

Kageha, muuza mrenda na kunde,
akiniona Jumanne hufukarika ghafla:
mtoto anakohoa, mvua imegoma, wateja wamehamia Kima.
Jumapili ni yule yule, leso mpya kichwani,
noti ya mia mbili mkononi, ameipiga pasi.
Noti iliyopigwa pasi!
Zangu hunifikia zimefinyangwa, zinanuka omena,
zimetangulizwa na laana ndogo chini ya ulimi.

Nikamuuliza, wala si kwa hasira:
Kageha, serikali imekukosea nini?
Akaendelea kuchambua majani.
"Nikimpa Mungu, mzee Vugutsa husimama
akasoma mbele ya watu: Kageha, mia mbili.
Paa la zahanati nimeliona likiezekwa bati kwa bati,
na langu ni lile la tatu kutoka ukingoni.
Wewe ukiondoka na mfuko wako
huwa unakwenda wapi?"

Huwa nakwenda Mbale, kwenye dirisha la nondo.
Nyuma ya dirisha sijui.

Halafu kuna Mwalimu Asava,
asiyefumba macho watu wakisali.
Hufundisha hesabu, hulipa ushuru wa ndizi za mkewe
kabla sijafungua kitabu.
Anasema nchi haiinuki kwa magoti.
Ziko nchi, asema, makanisa yamekuwa maghala
na watu wake wanalala wameshiba;
ziko zinazokesha kwa ngoma hadi jogoo,
kukicha zinakopa unga.
Mchungaji akamjibu: "Na shule uliyojifunzia hizo hesabu
ilijengwa na nani, na chumba cha ushuru?"
Wakacheka, kila mmoja akijihesabia bao.
Chai ikapoa.

Mwezi wa tano fedha za zahanati zikapungua,
elfu kumi na moja.
Mashemasi wakatazamana.
Nani amkague nani, na wote wameoleana?
Wakamwita Asava, asiye na ukoo na mtu pale,
wala na Mungu.
Akaja na kalamu mbili, akaketi chini ya picha ya kondoo,
akahesabu kwa sauti, sarafu kwa sarafu,
mpaka taa ikaletwa.
Zile elfu kumi na moja zilikuwa zimenunua misumari;
risiti ilikuwa imelala ndani ya kitabu cha nyimbo,
kati ya wimbo wa mavuno na wimbo wa mazishi.
Watu wakasema: Amina.
Yeye akasema: Jumla,
akapiga mistari miwili chini yake.
Nilikuwa mlangoni. Masikio yangu hayakutofautisha.

Tangu hapo sina raha na dirisha la Mbale.
Choo cha soko kina kufuli mwaka wa pili.
Ubao wa mradi umeng'olewa, mtu ameufanya mlango wa banda la kuku,
jina la mradi bado linasomeka, juu chini.
Na mimi ninayenung'unika
ndiye mkono uliobeba mfuko.

Jana, Jumanne, Kageha akanipa hamsini.
Haikupigwa pasi, ila haikufinyangwa.
Akaishikilia kwanza, upande wake na upande wangu,
akauliza: "Leo umekusanya ngapi?"
Miaka tisa, sijawahi kuulizwa.
Koo likanikauka kama la mtoto aliyepewa andiko kulisoma.
Nikafungua kitabu.
Elfu nne, mia tatu na themanini, nikasema,
polepole, kama mtu anayeungama.

Mwanamke wa vitunguu akainua shingo:
"Sema tena. Huku nyuma hatukusikia."